Ganda la umwumba: desturi ya kuchuna dawa bila kuua mti



Tukisema «desturi», wengi wetu tunafikiri mara moja mahari, ngoma, matanga, kiti cha mwami. Ni vizuri. Lakini kuko desturi nyingine ambazo hazina ngoma wala pombe, na juu ya hiyo zinapotea bila mtu kulia. Moja ya hizo ni desturi ya kuchuna ganda la mti kwa kutengeneza dawa. Katika ukurasa huu tutazungumza juu ya mti mmoja tu wa misitu ya milima yetu, mti ambao ganda lake liliondoka katika kikapu cha mganga likafika katika maduka ya dawa ya Ulaya. Neno letu ni hili: biashara ililichukua ganda, ikaiacha sheria iliyokuwa inalilinda. Tukitaka mti urudi, lazima sheria irudi nayo.

1. Mti wenyewe

Wataalamu wanauita Prunus africana. Wenye kusema Kinyarwanda wanauita umwumba, Wakikuyu wa Kenya wanauita muiri, na karibu kila lugha ya milimani ina jina lake. Wasomaji wetu wa vijijini wataujua pengine kwa jina lingine kuliko haya. Basi waandike lile jina pembeni ya ukurasa huu, maana jina la mti nalo ni urithi.

Ni mti mkubwa, unaweza kupita metre 30. Haupotezi majani yote kwa mara moja. Ganda lake ni jeusi-jeusi, gumu, lenye mipasuko. Ukiponda jani lake au ganda bichi, utasikia harufu kali ya lozi chungu. Matunda ni madogo kama harage nene, yanaiva yakiwa mekundu ya kuelekea zambarau, na ndege na nyani wanayapenda sana. Ni ndugu wa mipichi na miplamu inayolimwa Ulaya, ila huu ni wa kwetu, wa Afrika. Hauoti pwani wala katika bonde la joto. Unapenda milima yenye ukungu na mvua, mara nyingi kati ya metre 1.000 na 2.500, na pengine juu zaidi. Hivi tunaukuta tangu mlima Cameroun mpaka Ethiopia, Kenya, Afrika ya Kusini na kisiwa cha Madagascar. Hapa kwetu ni mti wa Kivu na Ituri, wa Ruwenzori, wa Kahuzi na milima jirani.

Mti huu haukuwa dawa tu. Mbao zake ni ngumu, zinafaa kwa mpini wa jembe na wa shoka. Maua yake yanaita nyuki. Mbuzi akiumwa tumbo, wafugaji wa sehemu nyingi walimnywesha maji ya ganda. Kwa watu, ganda lilichemshwa juu ya homa, kifua, tumbo, na hasa juu ya ile shida ya wanaume wenye umri ambao wanaamka usiku mara tatu, mara nne, na mkojo hautoki sawasawa.

2. Wazee walichuna namna gani

Katika sehemu nyingi za Afrika ambako dawa zinatoka katika maganda, waganga wa miti wana kanuni zinazofanana. Ganda linachukuliwa upande wa jua kuchomoza na upande wa jua kuzama, siyo kuzunguka mti mzima. Linachukuliwa kidogo, kadiri ya mgonjwa mmoja. Mahali fulani kidonda cha mti kinapakwa udongo. Mahali pengine mganga anasema neno kwa mti mbele ya kuukata, sawa vile mtu anabisha hodi mbele ya kuingia nyumba ya mwenzake.

Kijana aliyesoma anaweza kucheka: mti unasikia nini? Lakini atazame vizuri. Mtu anayechuna mashariki na magharibi anaacha kaskazini na kusini. Maana yake, hata siku moja hawezi kuuzungushia mti panga. Mtu anayeomba ruhusa hawezi kuchuna kwa hasira wala kwa haraka. Kanuni ile ilivaa nguo ya dini, lakini ndani yake kulikuwa na ujuzi wa mti.

Tusiwapambe wazee kupita kiasi. Walichuna kidogo pia kwa sababu hawakuhitaji mengi. Wagonjwa wa kijiji kimoja hawawezi kumaliza msitu. Hakuna lori lililokuwa linangoja barabarani. Kanuni yao haikuwa imepimwa bado mbele ya soko. Siku soko lilipofika, ndipo tuliona nguvu yake na uzaifu wake.

3. Namna ganda lilivyofika Ulaya

Mwaka 1864 mtaalamu Mwingereza Joseph Dalton Hooker aliuandika mti huu kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi. Matawi aliyotumia yalikuwa yameletwa kutoka mlima Cameroun na Gustav Mann. Aliuita Pygeum africanum. Mwaka 1965 mtaalamu Kalkman aliuweka katika jamaa ya Prunus, lakini wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuzoea jina la kwanza. Hivyo mpaka leo Beni na Butembo wengi wanasema tu «pygeum», na vijana wengine hawajui kama mti huo una jina lingine katika lugha ya mama yao.

Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat aliandikisha hati ya ugunduzi juu ya dawa iliyotolewa katika ganda hili kwa kutuliza uvimbe wa prostati, ile tezi ya wanaume inayokua pamoja na umri na kubana njia ya mkojo. Miaka michache nyuma yake, dawa ikaanza kuuzwa Ufaransa kwa jina la Tadenan. Italia nayo ikatengeneza ya kwake. Si uongo wa biashara: mwaka 2002 wachunguzi wa Cochrane walikusanya majaribio 18 yaliyofanywa kwa wanaume 1.562, wakaona kwamba dawa hii inapunguza shida ya mkojo kwa kiasi. Wakasema pia kwamba majaribio mengi yalikuwa ya muda mfupi. Basi wazee hawakukosea.

Kumbe hati ya ugunduzi iliandikwa kwa jina la nani? Siyo kwa jina la wale waliolijua ganda mbele. Wakati ule hakuna sheria ya dunia iliyowalazimisha wenye viwanda kugawana faida na watu wenye ujuzi wa asili. Mapatano ya Nagoya, yanayosema juu ya kugawana faida hiyo, yalikuja mwaka 2010, miaka 44 nyuma ya hati ya Debat.

4. Soko linaingia msituni

Cameroun ndiyo ilikuwa ya kwanza kuchuna kwa wingi. Tangu mwaka 1972 kampuni ya Plantecam ilikuwa na kazi kule, na mwanzoni wafanyakazi wake walifundishwa kuchuna pande mbili na kuacha pande mbili. Baadaye vibali vikapewa watu wengi wengine, na kanuni ikavunjika. Miti ikachunwa mpaka kwenye matawi, mingine ikakatwa kabisa. Madagascar kulikuwa na desturi mbaya zaidi: mti unaangushwa kwanza, ndipo unachunwa ukiwa chini.

Mwaka 1995 mti huu uliingia katika orodha ya pili ya mapatano ya CITES. Haina maana kwamba biashara imekatazwa. Maana yake ni kwamba kila nchi inayouza lazima itoe kibali na ihakikishe kwamba kuchuna hakuumalizi mti. Mwaka 2006 wataalamu wa CITES walipotazama nchi moja moja, Kongo yetu iliwekwa kati ya nchi zenye kuleta wasiwasi mkubwa, pamoja na Burundi, Cameroun, Kenya, Tanzania na nyingine. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukasimamisha kununua ganda la Cameroun, mpaka nchi ile ilipotengeneza mpango wa kuhesabu miti na kuweka kiasi cha kuchuna.

Kwetu, kazi hii ilishika zaidi upande wa Beni, Lubero na Ituri, na Butembo ukawa mji wa kukusanyia. Miaka ya vita tangu 1996 iliharibu mengi: walinzi wa msitu walikimbia au hawakulipwa, na mtu mwenye njaa hasomi orodha ya CITES. Ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na ya Kahuzi-Biega, ya mwaka 1970, kuchuna ni marufuku. Lakini mti haujui mpaka wa hifadhi, na panga pia halijui.

Tuangalie namna kazi yenyewe inavyokwenda, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa uko. Mchunaji analipwa kwa kilo. Komisioneri anayenunua hajauona mti, anaona gunia tu. Mti ukiwa katika pori lisilo na mwenyewe, mchunaji akiacha nusu ya ganda kwa kufuata kanuni, kesho mwingine anakuja kuchukua ile nusu. Yule aliyefuata kanuni amepoteza feza, na mti umekufa vilevile. Basi tusiseme haraka kwamba vijana wetu ni wabaya au wajinga. Ni mpango wa kazi ambao unamlipa mharibifu na kumwazibu mwenye heshima.

5. Hesabu ndogo

Inasaidia kupiga hesabu. Kilo 2.000 za ganda bichi zikikauka zinabaki karibu kilo 1.000, na kilo 1.000 kavu zinatoa karibu kilo 5 za dawa yenyewe. Kipimo cha kawaida cha mgonjwa ni miligramu 100 kwa siku. Kilo 5 ni basi vipimo 50.000, ni kusema dawa ya wanaume 137 kwa mwaka mmoja.

Na miti ni mingapi? Cameroun walihesabu kwamba mti mkubwa uliochunwa kwa kanuni unatoa kama kilo 55 za ganda bichi. Kwa kilo 2.000 tunahitaji basi miti 36. Lakini miti ile 36 lazima ipumzike. Tukisema ipumzike miaka saba, kila mwaka tunahitaji miti mingine 36, na jumla inafika miti 252. Gawanya kwa wanaume 137: kila mzee mmoja anayemeza dawa hii kila siku kule Ulaya anahitaji karibu miti miwili mikubwa inayosimama kwetu milimani kwa ajili yake peke yake.

Mwenye kuchuna mti wote anaweza kupata mamia ya kilo siku moja. Ni kweli, anapata mara nyingi kuliko kilo 55. Ila anapata mara moja tu. Mti uliochunwa vizuri unatoa tena, na tena, na mtoto wake atachuna pia.

6. Kwa nini mti uliozungushwa unakufa

Ganda siyo nguo tu ya mti. Sehemu ya ndani ya ganda ndiyo njia ya chakula: majani yanatengeneza chakula kwa jua, na chakula kinashuka kupitia ganda mpaka kwenye mizizi. Chini ya ganda, karibu na mbao, kuko utando mwembamba wenye utelezi. Utando ule ndio unazaa ganda jipya. Ukikata ganda kuzunguka mti mzima, mizizi inakosa chakula. Mti hautakufa siku ile. Utasimama na majani yake miezi mingi, watu watafikiri umepona, halafu utaanza kukauka kutoka juu. Na ukikwangua ule utando mpaka mbao inaonekana kavu, hata upande mmoja hautapona vizuri.

Mti wetu una bahati kuliko miti mingine: ukiachiwa utando wake, unaotesha ganda jipya. Ndiyo maana kanuni inawezekana. Hii ndiyo inayofundishwa tangu kazi ya Cameroun:

– Usichune mti mwembamba. Mti uwe na unene wa sentimetre 30 au zaidi, kupimwa kwenye kifua cha mtu.
– Chuna robo mbili zinazotazamana, uache robo mbili nzima. Mti ukipita sentimetre 50, unaweza kuchuna vipande vinne vyembamba, kila kimoja nafasi ya moja kwa nane, na kati yao uache ganda.
– Anza kama metre moja juu ya udongo, usipite tawi la kwanza.
– Panga lisiingie katika mbao. Pasua ganda kwa mistari, ulibandue polepole.
– Acha mti upumzike. Zamani walisema miaka minne au mitano. Uchunguzi wa baadaye ulionesha afazali saba au nane. Ukirudi, uchune zile pande ulizoacha.

Msomaji atajionea mwenyewe: pande mbili zinazotazamana, ni ile mashariki na magharibi ya wazee. Sayansi iliongeza kipimo na miaka. Msingi ulikuwa umekwisha kuwekwa.

7. Somo la kinkina

Kivu ina ganda lingine lenye sifa, na ganda lile linaweza kutufundisha. Ni kinkina, mti wa kinini. Huo si wa kwetu: ulitoka katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou walitoa kinini katika ganda lake. Kule Andes miti ilichunwa na kukatwa ovyo mpaka ikawa haba, ndipo Waholanzi wakaipanda kwa wingi katika kisiwa cha Java. Wakati wa ukoloni Wabelgiji nao waliileta Kivu, na kituo cha INEAC cha Mulungu kiliichunguza. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, kinini ya kwingineko ikawa na samani kubwa. Nyuma yake kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu kikajulikana mbali kwa kinini yake.

Kinkina inakatwa, inapigwa ganda litoke, na kisiki kinaota tena au mche mwingine unapandwa. Hakuna anayelia kwamba kinkina itakwisha Kivu kwa sababu ya panga. Kwa nini? Kwa sababu ina shamba, ina mwenyewe, ina mtu aliyeipanda na anayengoja mwaka wake. Mti mgeni tuliulima. Mti wetu wenyewe tuliuwinda kama nyama ya pori.

8. Tufanye nini?

Kwanza, tupande. Mbegu za umwumba hazivumilii kuwekwa akiba muda mrefu. Zikikauka sana zinakufa. Lazima tunda liokotwe bivu, lioshwe, lipandwe upesi katika kitalu chenye kivuli. Mti unahitaji miaka kama 12 mpaka 15 mbele ya kuchunwa mara ya kwanza. Ni muda mrefu, lakini mkulima anaweza kuupanda kwenye mpaka wa shamba bila kupoteza maharagi yake, na wakati anangoja atapata asali na kivuli.

Pili, tutafute kuwa na msitu wenye mwenyewe. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inatambua haki ya wenyeji kutumia mazao ya msitu kwa mahitaji ya nyumbani. Biashara inahitaji kibali. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 imefungua mlango mwingine: jamii inayoshikilia msitu kwa desturi inaweza kuomba upewe jina lake, mpaka hektari 50.000. Wenye msitu wao wanaweza kuhesabu miti, kuitia namba, kuandika mwaka wa kuchuna, na kumwambia komisioneri: ganda lisilo na namba ya mti halinunuliwi hapa. Hapo tu ndipo yule anayeacha nusu ya ganda ataikuta siku yake ikifika.

Tatu, tuandike ujuzi wa wazee wangali wapo: jina la mti katika kila lugha, ugonjwa, kipimo, na yale yanayokatazwa. Kwa hapo neno la tahazari. Harufu ile ya lozi chungu inatoka katika sumu, na kunywa ganda kwa wingi ni hatari. Na mzee asiyeweza kukojoa vizuri aende kwanza kwa munganga wa hospitali apimwe, kwa kuwa kansa ya prostati inaweza kuleta dalili zinazofanana, na ganda hili haliiponyeshi kansa.

Kwa kumaliza, ndugu wasomaji, tusisubiri Leta peke yake wala wazungu peke yao. Mashirika ya hifadhi yanaweza kulinda msitu ulio ndani ya mpaka. Ule ulio nje, juu ya kilima nyuma ya nyumba zetu, unatungoja sisi. Kila shirika la utamaduni, kila parokia, kila shule ya sekondari ya milimani inaweza kuwa na kitalu cha miche mia moja. Mtoto anayepanda leo akiwa na miaka kumi, atachuna mara ya kwanza akiwa bado kijana, na atakuwa na ganda la kutosha siku yeye mwenyewe atakapokuwa mzee wa kuamka usiku.